Shamba Lisilolimwa: Wanyama wa Kaya Kinondo

Msomaji mpendwa, ukisikia neno "shamba" nina hakika fikira zako zinakwenda moja kwa moja kwenye jembe, mihogo, minazi na mbuzi aliyefungwa kamba chini ya mwembe. Hivyo ndivyo tulivyolelewa sote, kuanzia Waa mpaka Lunga Lunga. Lakini hapa hapa kwetu Kwale kuna ardhi ya watu wa ibada ambayo haipigwi jembe. Wanyama wake hawafungwi kamba, hawakamuliwi wala hawapelekwi mnadani. Hata hivyo ardhi hiyo ina wenyewe, ina sheria zake, ina walinzi wake na ina mavuno yake. Ardhi yenyewe ni Kaya Kinondo.

Nimeshika kalamu kueleza mambo matatu. Kwanza, kaya ni nini na nani anaitunza. Pili, ni wanyama gani wanaokaa katika misitu kama ile, na kila mmoja ana kazi gani. Tatu, kwa nini sisi wanafunzi, Waislamu kwa Wakristo, tujali kama msitu ule utabaki au utakwisha. Hili la tatu ndilo lililozua mjadala mkali baada ya ziara ya chama chetu cha Kiswahili, na mpaka leo wenzetu wengine hawajakubaliana.

KAYA NI NINI?

Neno kaya maana yake ni nyumbani, au mji. Wamijikenda, yaani Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wakauma, Wajibana, Wachonyi na Wagiriama, husimulia kuwa wazee wao walitoka Singwaya, upande wa kaskazini, wakasukumwa na maadui, wakaja huku kutafuta pa kujisitiri. Wakaingia ndani ya misitu minene. Huko walifyeka uwanda mdogo katikati tu, wakajenga nyumba zao, na msitu wakauacha uwazunguke kama boma. Adui asingeweza kufika ila kwa vijia vyembamba vyenye milango. Ndani ya mji walizika fingo, yaani dawa ya kuulinda mji na watu wake. Shirika la UNESCO linaeleza kuwa miji hii ilianza kujengwa katika karne ya 16, na ilipofika miaka ya 1940 watu walikuwa wameshaihama.

Hapo ndipo ajabu inapoanza. Kwa kawaida watu wakihama mahali, huja wengine wakafyeka, wakalima na kuchoma makaa. Kwenye kaya haikuwa hivyo. Makaburi ya mababu yalibaki mle, na kwa imani ya wenyewe mizimu ya mababu ilibaki pia. Basi mji ukageuka mahali pa ibada. Mvua ikikatika, maradhi yakizidi au watu wakigombana, wazee huingia kuomba. Wazee wa kaya ndio wenye kusema nani aingie, lini, na kwa jambo gani.

Wataalamu wamezihesabu kaya zaidi ya arobaini kutoka Kwale hadi Kilifi. Upande wetu tunazo Kaya Waa, Kaya Tiwi, Kaya Diani, Kaya Ukunda, Kaya Muhaka, Kaya Chale na nyinginezo za Wadigo. Huko bara kidogo Waduruma nao wana Kaya Mtswakara na Kaya Gandini. Kaya Kinondo iko kusini ya ufuo wa Diani, karibu kabisa na bahari. Si msitu mkubwa, ni hekta 30 hivi, sawasawa na ekari 75. Mtu mwenye haraka angeuzunguka asubuhi moja na kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Mnamo mwaka 1992 Serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, chini ya Makavazi ya Taifa. Mwaka 2001 wazee na vijana wa Kinondo waliufungua msitu wao kwa wageni, kwa utaratibu maalumu na kwa kiingilio. Mwaka 2008 misitu mitakatifu ya Wamijikenda, Kinondo ikiwemo, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia. Mwaka uliofuata, 2009, mila zenyewe za kaya nazo ziliingizwa katika orodha nyingine: ile ya mila zinazohitaji kuokolewa kwa haraka. Tafadhali msomaji, yakumbuke maneno hayo ya mwisho. Nitayarudia.

SHERIA ZA MLANGONI

Mgeni haingii Kaya Kinondo kama aingiavyo sokoni Ukunda. Kwanza hufungwa kaniki kiunoni, mwanamume na mwanamke sawa. Kofia huvuliwa. Sauti hupunguzwa. Picha hupigwi mpaka uruhusiwe. Mambo ya kubusiana ni mwiko kabisa (na hapo wenzetu fulani walitazamana wakacheka, nawasitiri majina). Huruhusiwi kukata mti, kuchuma jani, kulisha mifugo wala kuwinda. Na sheria iliyonishangaza zaidi ni hii: hutoki na kitu. Hata kijiti kikavu kilichoanguka chenyewe utakiacha pale pale kilipo.

Wengi wetu tulidhani hizi ni amri za kutisha watoto tu. Lakini hebu tuzipime kwa somo la Biolojia. Kijiti kikavu kikiachwa, huingia mchwa, huingia jongoo, huota uyoga, kikaoza na kuwa udongo. Gogo lililolala ni nyumba ya wadudu mia na tunduni mwake hulala mjusi. Mbuzi na ng'ombe wasipoingia, miche midogo haitafunwi, basi mti mzee ukianguka kuna mtoto wake wa kushika nafasi. Ukelele ukikosekana, mnyama hakimbii. Wazee hawakusoma Biolojia wala hawakuhitaji kuisoma. Wao walisema mizimu haitaki, na msitu ukapona. Ama kwa hakika akili nyingi huondoa maarifa. Wakati mwingine mwiko mmoja hufanya kazi ya askari kumi.

Linganisheni na mbuga yetu ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, ambako wanakaa palahala, mnyama ambaye hapatikani porini mahali pengine popote katika Kenya. Pale pana askari wenye bunduki, pana malango na ua wa umeme wa kuzuia tembo. Kinondo ua wake kwa miaka mingi umekuwa neno la mzee.

WENYEJI WA MSITU

Sasa tuje kwa wanyama wenyewe. Kabla ya safari, mmoja wetu aliapa kuwa mle mna nyoka mwenye vichwa saba. Hatukumwona. Nitakaowataja hapa ni wale wanaokaa katika misitu hii ya pwani ya kusini, wengine tuliwaona kwa macho na wengine tuliwasikia tu au tukaonyeshwa nyayo zao.

Wa kwanza ni mbega, ambaye Wadigo humwita kuluzu. Ni mweusi, na mabegani ana manyoya meupe marefu kama mzee aliyejitanda shuka. Huyu ni mbega wa Angola, na kwa nchi yetu makao yake makubwa ni huku Kwale. Usimchanganye na kima au tumbili. Mbega hana kidole gumba. Kilipopaswa kuwa pana kinundu tu, na mkono wake umekuwa kama kulabu ya kushikia matawi. Chakula chake ni majani na matunda mabichi. Tumbo lake lina vyumba, kama la ng'ombe, na ndani yake wamo vijidudu vinavyochachusha majani mpaka yakawa chakula. Kazi hiyo ni ndefu, ndiyo maana mbega hukaa kitako sehemu kubwa ya siku. Watu humwita mvivu, kumbe yuko kazini, anapika tumboni! Kwa sababu hiyo hiyo ni kosa kubwa kumrushia mkate au ndizi mbivu. Sukari huchachuka haraka tumboni, gesi hujaa, na anaweza kufa.

Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe kama pamba, kisha hubadilika rangi polepole na kufikia miezi mitatu hivi huwa amefanana na mamaye. Majike wengine wa kundi hupokezana kumbeba, kama vile kwetu mtoto anavyobebwa na shangazi, halati na majirani.

Wa pili ni hondohondo, ndege mwenye domo kubwa lililopandwa na pembe juu yake. Sauti yake ni kama kilio cha mtoto mchanga, na usiyemjua utashtuka. Mambo yake ya ndoa ni ya ajabu. Jike huingia ndani ya tundu la mti, kisha mlango huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba. Humo hutaga na kulea. Kwa muda wote huo dume ndiye mwenye kuleta posho, akipitisha matunda ufani. Dume akiuawa kwa manati, jike na watoto wako hatarini kufa njaa ndani. Na tundu la kuingia ndege mkubwa namna hiyo halipatikani katika mti wa juzi. Lazima mti uwe mzee, mnene, wenye makovu. Miti ya aina hiyo mashambani tumeshaimaliza kwa mbao na makaa. Kaya ndiko iliko.

Wa tatu ni sange, kinyama kidogo chenye pua ndefu kama mkonga. Huzunguka chini ya miti akipekua majani kutafuta wadudu. Dume na jike hukaa wawili kwa muda mrefu katika himaya yao, na hulala katika viota vya majani makavu pale pale ardhini. Wataalamu wa siku hizi wamechunguza damu na nasaba yake wakakuta kwamba sange ni jamaa wa karibu wa tembo kuliko wa panya. Nani angedhani! Basi ukifagia majani yote ya msituni ukayachoma, umemchomea sange nyumba, kitanda na jiko kwa kiberiti kimoja.

Wa nne mnamjua nyote, ni jongoo. Yule mweusi, mnene, ambaye watoto humchokoza ajikunje. Jongoo hula majani yaliyoanguka na kuyageuza mbolea. Kazi hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu Kaya Kinondo imeota juu ya mawe ya matumbawe. Ukichimba kidogo tu unagonga mwamba. Udongo ni tabaka jembamba, na rutuba yake yote hutoka kwenye majani yanayooza. Ndiyo sababu mtu akifyeka msitu wa namna ile akapanda mahindi, msimu wa kwanza huvuna vizuri, wa pili hivyo hivyo tu, wa tatu anaulaumu uchawi. Uchawi hakuna, majani yamekwisha na jongoo hana kazi.

Wa tano ni wawili kwa pamoja, popo na nyuki. Ua la mbuyu hufunguka jioni, na usiku popo huja kunywa utamu wake na kubeba chavua kutoka mti hadi mti. Komba naye husaidia. Bila wageni hao wa usiku, mabuyu tunayoyala yenye sukari na rangi nyekundu yangekuwa hadithi. Mchana zamu ni ya nyuki. Ua la kike la boga na la tikitimaji haliwezi kuzaa mpaka liletewe chavua kutoka ua la kiume, na mletaji mkubwa ni nyuki. Mikorosho nayo humhitaji. Nyuki hulala msituni, asubuhi akaenda shambani kwa watu kufanya kibarua bila mshahara.

Wako na wengine: kima, nyani, paa, kenge, kobe, vipepeo wa kila rangi. Nafasi haitoshi.

MAVUNO YA SHAMBA LISILOLIMWA

Wapo watakaouliza, sasa shamba gani hili lisilotoa hata gunia moja? Nami nawajibu kuwa mavuno yapo, ila hayapimwi kwa kibaba.

Kuna mavuno ya nyuki na popo niliyokwisha kuyataja, ambayo huvunwa katika mashamba ya majirani. Kuna mavuno ya dawa na elimu yake, maana wenyeji wanajua mti gani hutibu tumbo na upi hutibu homa, ingawa kuchuma ni kwa idhini ya wazee tu. Kuna kivuli na hewa baridi: ukitoka barabarani saa saba za mchana ukaingia mle, unahisi kama umefunguliwa mlango wa nyumba nyingine. Kuna kiingilio cha wageni, ambacho sehemu yake hurudi kwa jamii ya Kinondo kusaidia mambo ya maendeleo, na vijana kadhaa wamepata kazi ya kuongoza wageni. Na kuna mavuno ya kumbukumbu. Mwenye kutaka kujua mababu zetu waliishi vipi, hana haja ya kupanda ndege. Kitabu kiko Kinondo, kimefunguliwa, na kurasa zake ni miti.

MJADALA: JE, HUU SI USHIRIKINA?

Hapa ndipo palipowaka moto. Baada ya ziara tulikaa darasani kujadiliana, na pande tatu zilijitokeza. Naomba nizieleze kwa haki.

Upande wa kwanza ulisema kuwa Mwislamu au Mkristo hana biashara na kaya, kwani kuomba mizimu ni kumshirikisha Mwenyezi Mungu. Hoja hii si ya kudharau. Wadigo wengi ni Waislamu, na mwalimu wa madrasa hafundishi kumuomba babu aliyekufa. Lakini jambo moja linapaswa kutenganishwa na jengine. Kuabudu ni jambo moja, kuhifadhi ni jengine. Hakuna aliyetulazimisha kuomba chochote Kinondo. Katika somo la Dini tumesoma kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na kisa cha mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Wenzetu Wakristo nao wanafundishwa kuwa Adamu alipewa bustani aitunze. Sasa ikiwa paka mmoja na mbwa mmoja wana uzito huo, je, msitu mzima wa viumbe? Tena hapa Diani, pale mtoni Mwachema, uko Msikiti wa Kongo, msikiti wa kale wenye umri wa karne kadhaa, umekaa chini ya mibuyu mikubwa na bado unasaliwa. Msikiti na kaya vimekuwa majirani miaka yote hiyo na hakuna kilichokimeza kingine.

Upande wa pili ulitoka kwa wenzetu wa mashambani. Walisema: nyinyi mnawasifu wanyama kwa sababu hamjalala njaa kwa ajili yao. Kima na nyani huvamia mahindi, wakala yaliyokomaa na kuharibu mabichi. Mtoto wa shule huachwa nyumbani kulinda shamba badala ya kuja darasani. Kweli tupu hii. Mimi sina jibu la rahisi. Ninachoweza kusema ni kwamba mnyama huingia shambani zaidi pale msitu wake unapopungua. Msitu ukiwa mzima kuna matunda ya porini na kuna mpaka unaoeleweka. Msitu ukikatwa vipande vipande, kila shamba huwa ukingo wa msitu. Aidha, mwenye kuumia apewe sehemu ya faida. Huko Mwaluganje, mwaka 1995, wenye mashamba waliamua kuiachia ardhi yao iwe hifadhi ya tembo na kugawana mapato ya watalii. Mapato yamekuwa yakipanda na kushuka, lakini fikira yenyewe ni ya haki: anayebeba mzigo wa mnyama naye aonje asali yake.

Upande wa tatu ndio ulioniuma zaidi. Ulisema: hayo ni mambo ya wazee na ya wazungu, sisi yanatuhusu nini? Basi na turudi kwa maneno niliyowaomba myakumbuke. Mwaka 2009 dunia ilisema mila za kaya zinahitaji kuokolewa kwa haraka. Kwa nini? Kwa sababu wazee wanapungua na vijana hawashiki nafasi zao. Mzee wa kaya hapatikani kwa kutangaza nafasi ya kazi gazetini. Hujifunza miaka mingi kwa kukaa miguuni pa mzee mwingine. Akifa kabla ya kufundisha, hazina inazikwa naye. Tena siku hizi katika pwani yetu wazee wengine wamekuwa wakishukiwa uchawi kwa sababu tu ya mvi zao, na baadhi wamepoteza maisha. Jamani, mtu aliyeulinda msitu maisha yake yote analipwa panga? Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ni sisi.

HATARI ZINAZOKARIBIA

Adui wa kaya wa leo haji na mshale, huja na hati ya shamba. Ardhi ya ufuoni kutoka Diani kwenda Galu na Kinondo ina bei kubwa, na kila kiwanja kinatamaniwa. Katika miaka ya 1990 hoteli ilijengwa katika kisiwa cha Chale, pamoja na kuwa kisiwa hicho kina kaya na wazee walilalamika. Sheria ipo, ile ya mwaka 2006 ya Makavazi na Turathi inazilinda sehemu kama hizi. Lakini sheria ni karatasi, na karatasi huhitaji watu wa kuisimamia.

Adui wa pili ni barabara na umeme. Mbega hapendi kushuka chini. Yeye huruka tawi hadi tawi, na miti ikitenganishwa na barabara hulazimika kuvuka kwa miguu, gari likamgonga. Au hushika waya wa umeme uliokuwa wazi, akaungua. Mwaka 1997 huko Diani kulianzishwa shirika la kuwalinda mbega, na likatundika ngazi za kamba juu ya barabara ili wapite hewani. Wengi wenu mmepita chini yake kwa matatu bila kujua ni za nini. Basi leo mmejua. Ni daraja la kuluzu.

Adui wa tatu ni sisi wenyewe: manati ya mtoto, panga la mkata fito, moto wa mchoma makaa, na mgeni anayemrushia mbega chapati ili apige picha.

TUFANYE NINI?

Napendekeza mambo manne, tena yasiyohitaji pesa nyingi. Moja, kila mwanachama amuulize babu au bibi yake jina la kaya ya ukoo wao, kisa chake na miko yake, ayaandike daftarini. Toleo lijalo la gazeti hili liwe na ukurasa wa majina hayo. Mbili, shule iwe na kitalu cha miche ya miti ya kienyeji, kama mkwaju, mbuyu na mkuyu, tupande mipakani mwa mashamba ili wanyama wapate njia na nyuki wapate maua. Tatu, tuache manati, na tuwaambie wadogo zetu ukweli kuhusu hondohondo dume na familia yake iliyozibiwa mtini. Nne, tuwasalimie wazee. Ndiyo, salamu tu. Shikamoo haina kodi. Mzee anayesalimiwa na vijana, hata mtu akitaka kumsingizia uovu, atafikiri mara mbili, maana ataona ana watu.

Waliokataa katika mjadala wetu nawaheshimu, na ukurasa ujao uko wazi kwao wajibu kwa kalamu. Lakini kabla hawajaandika, nawaomba wafanye jambo moja. Waende Kinondo, wafunge kaniki, wasimame chini ya mti mmoja kwa dakika tano bila kusema neno. Wasikilize. Halafu waniambie ni nani kati yetu anayejua kuliumba upya shamba lile, kama leo litakatwa.